Mashine Bila Mwalimu: Handeni na Korogwe katika Historia ya Roboti

Historia ya roboti zinazojiendesha, yaani mashine zinazopokea taarifa za mazingira yake, zikazipima na kuamua hatua inayofuata bila kungoja amri ya mtu, kwa kawaida husimuliwa kwa kutaja Mwezi na sayari ya Mirihi, ambako mawimbi ya redio kutoka Duniani huchukua dakika 3 hadi 22 kufika. Sura moja ya historia hiyo, hata hivyo, ni ya mkoa wa Tanga, na vijiji vya Handeni na Korogwe vimo ndani yake.

Taasisi ya XPRIZE ya Marekani ilijulikana mwaka 2004 ilipotoa dola milioni 10 kwa waundaji wa SpaceShipOne, chombo cha kwanza cha binafsi kumfikisha rubani anga za juu. Mwaka 2007, kwa fedha za Google, ilitangaza zawadi za dola milioni 30, kubwa kuliko zote ikiwa ya timu ya kwanza kuteremsha roboti Mwezini, kuisafirisha mita 500 na kurusha picha. Mwaka 2014 ikaja na shindano jingine, lililogharimiwa kwa dola milioni 15 na Elon Musk, mwasisi wa kampuni ya roketi ya SpaceX: kuunda programu ya kishikwambi ambayo ingemwezesha mtoto kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu pasipo mwalimu.

Ukoo wa mashindano hayo unaonekana wazi katika RoboTutor, mojawapo ya programu tano zilizofika fainali. Ilitoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, chuo kile kile ambacho mtaalamu wake wa roboti, William Whittaker, alianzisha kampuni ya Astrobotic ili kushindania zawadi ya Mwezi. RoboTutor, iliyoongozwa na Jack Mostow, ilimsikiliza mtoto akisoma Kiswahili kwa sauti, ikatambua herufi alizochora kwa kidole juu ya kioo, kisha ikampa zoezi gumu zaidi au jepesi zaidi kwa kadiri alivyofanya.

Majaribio yalianza mwishoni mwa 2017 kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, yakadumu miezi 15 na kuhusisha watoto wapatao 2,700 katika vijiji 170 vya Tanga. Vishikwambi vilitolewa na Google na kuchajiwa kwa umeme wa jua. Mwanzoni, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, hali ya kusikitisha katika nchi iliyotangaza elimu ya msingi kwa wote mwaka 1974, na zaidi katika mkoa ambao Korogwe yake ina chuo cha ualimu.

Dai la kwamba mashine zilifundisha peke yake lapasa kupokewa kwa tahadhari. Roboti iliyoko Mirihi haina jirani, ilhali kishikwambi cha Handeni kilikuwa na mtu mzima wa kijijini wa kusimamia uchajiaji wake, na mtoto aliyekuwa nacho alikuwa na wenzake wa kuulizana nao. Kilichojaribiwa, kwa hiyo, kilikuwa mashine ndani ya jamii.

Muda wa shindano la Mwezi ulikwisha tarehe 31 Machi 2018, vishikwambi vikiwa bado mikononi mwa watoto, na hakuna timu hata moja iliyokuwa imerusha chombo chake. Shindano la Tanga lilipata washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waliogawana dola milioni 10 mjini Los Angeles tarehe 15 Mei 2019, baada ya idadi ya watoto wasiojua kusoma neno kupungua kwa nusu. RoboTutor haikushinda, lakini programu zote tano ziliachwa huria, na mwalimu au mhandisi yeyote wa Kitanzania anaruhusiwa kuzichukua na kuziboresha bila malipo.