Namna ya Kutafuta Habari za Biashara Kwenye Intaneti: Mwongozo kwa Wafanyabiashara wa Masese, Jinja na Mbale

Simu ya mkononi siku hizi ni chombo cha kazi kama mizani na turubai. Lakini wengi wetu tukiingia kwenye Google tunaandika maneno mawili, tunafungua jibu la kwanza, basi. Kwa mtu mwenye gari lililopakiwa dagaa au mahindi likielekea Busia au Malaba, jibu la kwanza likiwa la uongo au la zamani linaweza kumgharimu mzigo mzima. Makala hii inaeleza jinsi ya kuuliza ili upate jibu linalokufaa.

Kumbuka jambo moja: mtambo wa kutafutia hauyajui mawazo yako. Unalinganisha maneno uliyoandika na yale yaliyoandikwa kwenye kurasa za intaneti. Kwa hiyo kabla ya kuandika, jiulize: "Mtu mwenye habari hii angeiandika kwa maneno gani?"

1. JINA LA BIDHAA HUBADILIKA MPAKANI

Samaki mdogo anayeanikwa kwenye mwalo wa Masese huitwa mukene nchini Uganda, omena nchini Kenya na dagaa nchini Tanzania. Samaki ni yule yule wa Ziwa Victoria. Ukiandika "mukene" utapata zaidi kurasa za Uganda, na bei ya soko la Kisumu hutaiona, kwa sababu kule wameandika "omena". Vivyo hivyo sangara wa Mwanza ni mbuta kwa Mkenya na mputa kwa Mganda. Na sato huitwa ngege.

Tafuta kwa jina la nchi unakopeleka mzigo. Ukitaka majina yote kwa pamoja, weka neno OR kwa herufi kubwa katikati: mukene OR omena OR dagaa.

Nyaraka za serikali mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, na humo samaki huyu huitwa "silver fish". Usipopata kitu kwa Kiswahili, jaribu jina hilo.

2. NAMBA YA FORODHA HAIBADILIKI

Kila bidhaa ina namba ya forodha, na tarakimu 6 za mwanzo ni zile zile karibu dunia nzima. Samaki waliokaushwa, waliotiwa chumvi au waliofukizwa moshi wako chini ya namba 0305. Mahindi ni 1005. Maharage makavu na jamii yake ni 0713. Ukitafuta ushuru au masharti kwa kutumia namba pamoja na jina la nchi, unaepuka fujo ya majina. Muulize wakala wako wa forodha namba kamili ya mzigo wako, uiandike kwenye daftari.

3. JINA LA MAHALI LINAWEZA KUKUPOTEZA

Andika "Jinja" peke yake uone. Utaletewa mahekalu ya Kijapani, kwani ndivyo yanavyoitwa kwa lugha ya kule, na pia programu moja ya kompyuta yenye jina hilo hilo. "Masese" ni jina la watu wengi huko Kisii. Kuna Mbale ya Uganda, na kuna Mbale ya Vihiga nchini Kenya. Busia nayo iko pande zote mbili za mpaka. Dereva anayetafuta ghala la "Mbale" akapiga simu Vihiga amepoteza muda na salio.

Dawa yake ni kuongeza neno la pili: Jinja Uganda, Mbale Vihiga, Masese Jinja.

4. ALAMA NDOGO ZENYE KAZI KUBWA

- Alama za kunukuu: "bei ya dagaa". Mtambo utatafuta maneno hayo yakiwa pamoja na kwa mpangilio huo.
- Alama ya kutoa: dagaa -Kigoma -Zanzibar. Dagaa wa Kigoma ni wa Ziwa Tanganyika na wale wa Zanzibar ni wa baharini. Ni samaki tofauti na bei zao ni tofauti. Alama ikae jirani na neno, bila nafasi.
- site: huchagua tovuti za kutafutia. Ukiandika 0305 site:go.ug utapata kurasa za serikali ya Uganda tu. Kenya ni go.ke, Tanzania ni go.tz.
- filetype:pdf huleta nyaraka kamili, kama vile fomu, matangazo na orodha za ushuru.

Alama hizi unaweza kuziunganisha. Mfano, anayetaka fomu ya cheti cha uasili kilichorahisishwa, ambacho hutumika kwa mizigo midogo isiyozidi dola 2,000 ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, aandike: "simplified certificate of origin" filetype:pdf. Masharti ya kusafirisha bidhaa unaweza pia kuyasoma moja kwa moja kwenye ugandatrades.go.ug kwa Uganda, na infotradekenya.go.ke kwa Kenya.

5. TAZAMA TAREHE KWANZA

Hapa ndipo wengi huumia. Mfano halisi: tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilitoa barua ya kuzuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye katazo hilo liliondolewa na masharti yakawekwa: waagizaji wajisajili, mzigo uwe na cheti cha kuonyesha kiwango cha sumukuvu, na uwe na cheti cha uasili. Lakini habari za katazo ziliandikwa na magazeti mengi, na bado zipo kwenye intaneti. Anayezisoma bila kutazama tarehe atadhani mpaka umefungwa, auze mahindi yake Mbale kwa hasara. Mwingine atasoma kwamba katazo liliondolewa asiyaone masharti, na gari lake lizuiwe Malaba.

Kwenye Google, ongeza neno after: na mwaka, kwa mfano mahindi Kenya Uganda after:2024. Halafu ufungue habari zaidi ya moja, uone ipi ni ya mwisho.

6. NANI ANASEMA?

Majibu ya juu kabisa mara nyingi ni matangazo yaliyolipiwa. Yana alama ndogo inayosema hivyo, isome. Tena tangu mwaka 2024 Google imeanza kuweka juu ya ukurasa maelezo yaliyoandikwa na mashine. Maelezo hayo huweza kuchanganya nchi mbili au mwaka wa jana na wa leo. Fungua ukurasa wenyewe kabla ya kuamini.

Mnunuzi au msafirishaji usiyemjua akikutaka utume fedha za awali, fanya haya:

- Andika namba yake ya simu ndani ya alama za kunukuu, uone imetajwa wapi.
- Tafuta jina la kampuni pamoja na neno "utapeli" au "scam".
- Tafuta kwa picha. Picha ya lori au ghala ukiikuta kwenye tovuti ya nchi ya mbali, jihadhari.
- Uliza kampuni kwa msajili: URSB kwa Uganda, BRS kwa Kenya, BRELA kwa Tanzania.

Kutoona ubaya wowote kwenye intaneti si ushahidi kwamba mtu ni mwaminifu. Matapeli hubadilisha majina na laini za simu.

KWA KUMALIZIA

Intaneti itakupa kanuni, fomu, namba na majina. Bei ya asubuhi ya leo pale mwaloni bado anaijua zaidi aliyepo mwaloni, na foleni ya malori Malaba anaijua dereva aliye kwenye foleni. Tafuta kwanza, kisha piga simu kuhakikisha, ndipo upakie. Mzigo ukishaondoka, kuurudisha ni gharama.