Pipa la Mafuta na Noti ya Wageni

Oktoba 1973 nchi za Kiarabu ziliinyima Marekani mafuta kwa sababu iliisaidia Israel vitani. Bei ya pipa ikapanda kutoka kama dola 3 hadi karibu 12 ilipofika Januari 1974. Hapa Utemini, mbali na visima na bahari, sisi wanafunzi wa chuo tukahimizwa tumalize juzuu kabla ya magharibi, taa isiwashwe.

Kosa letu nini? Mafuta yalinunuliwa kwa dola, na dola tuliipata kwa pamba, mkonge na kahawa, kwa bei ya mnunuzi. Nayo dola, tangu Agosti 1971, haikubadilishwa tena kwa dhahabu. Jasho kwa karatasi!

Leo bomba la Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, limepangiwa njia mkoani mwetu Singida. Mafuta ya Waganda, ardhi yetu. Nauli ya pipa moja imeandikwa dola 12.77.