Chagua: Nguo, Nywele na Mwanzo wa Mpito wa Jinsia Katika Historia Yetu

Utangulizi

Sarufi ya Kiswahili haituambii kama mtu ni mwanamume au mwanamke. "Amefika", "anasoma", "yeye ni jirani yangu": katika maneno hayo yote hakuna hata moja linalotaja jinsia. Kirundi tunachozungumza nyumbani hapa Ngagara nacho hakitofautiani na Kiswahili katika jambo hili. Kifaransa cha darasani ndicho kinachodai kujua, kwa maana huwezi kuandika "mwanafunzi wa chuo kikuu" kwa Kifaransa bila kuamua kama ni wa kike au wa kiume. Kazi ambayo Kifaransa kimeipa sarufi, sisi tumezipa nguo, nywele na majina ya kuitana: kaka, dada, baba, mama.

Insha hii inahusu watu wanaoanza kuishi katika jinsia tofauti na ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Hali hiyo nitaiita mpito. Ninachodai ni kwamba mpito huanza na nywele na nguo, na kwamba kuanza hivyo si kuiga Ulaya. Katika sehemu hii ya Afrika, nywele na nguo zimekuwa njia ya kutangaza hali mpya kwa zaidi ya karne moja. Kwa sababu hiyohiyo, wenye mamlaka nao huanzia hapo wanapotaka kumrudisha mtu mahali wanapodhani ni pake.

Nimetumia maandishi ya wanahistoria na wanaanthropolojia, hukumu za mahakama, na mazungumzo na rafiki yangu mmoja wa Ngagara. Jina lake silitaji wala sitataja nyumba anakoishi. Sababu yake msomaji ataiona mbele.

Nguo kama tangazo la hali mpya

Kiswahili kilifika Bujumbura kikitokea pwani, kwa njia ya misafara ya Ujiji na baadaye askari wa Wajerumani, na hadi leo Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ni jirani yetu. Ndiyo maana naanzia pwani.

Mwaka 1897 hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu burudani na siasa za Unguja, ameonyesha jinsi watu walivyoipokea sheria hiyo miilini mwao. Kabla ya hapo mtumwa alijulikana kwa nguo: shuka za merikani, na kwa wanawake kaniki, kitambaa cha bei ndogo kilichotiwa rangi ya nili. Mwanamume mtumwa hakuvaa kofia wala viatu. Baada ya 1897 wanaume walivaa kanzu na kofia, na wanawake wakaacha kaniki wakavaa kanga za rangi na, baadaye, mabuibui. Mahakama ilisema mtu huyu si mtumwa, lakini kanga ndiyo iliyowafanya majirani waamini.

Mabadiliko yale yalihusu utumwa na uungwana, si uke na uume, nami sitaki kuvichanganya. Funzo ninalochukua ni la namna mambo yalivyofanyika: mtu hakusubiri jamii imkubali kwanza ndipo avae. Alivaa kwanza, na kukubaliwa kukafuata polepole, siku kwa siku, sokoni na kisimani.

Historia hiyo inatukumbusha pia kwamba hakuna nguo iliyozaliwa na jinsia. Kanzu ni gauni refu, lakini Ijumaa Buyenzi hakuna anayemwona mwenye kanzu kuwa amevaa kike. Hapa Burundi, kabla ya vitambaa vya dukani kuenea, wake kwa waume walivaa gome la mvumu lililopondwa. Tofauti ilikuwa katika namna ya kulifunga.

Katikati ya nguo mbili

Mfano wa karibu zaidi na mada yetu unatoka Oman, nchi iliyofungamana na Unguja kwa utawala na udugu. Unni Wikan, mwanaanthropolojia wa Norway, alifanya utafiti katika mji wa Sohar katikati ya miaka ya 1970, na mwaka 1977 alichapisha makala katika jarida la Man kuhusu watu walioitwa khanith. Hawakuruhusiwa kuvaa nguo za kike, aliyethubutu aliadhibiwa. Kwa hiyo walivaa kanzu ya kiume, ila kanzu za wanaume wengine zilikuwa nyeupe na zao zilikuwa za rangi laini, zimebanwa kiunoni. Wanaume walikata nywele fupi, wanawake walifuga ndefu, wao wakaacha za kati. Kila kitu kilikuwa cha kiume kwa jina na cha kike kwa mpindo.

Wikan aliita hali hiyo jinsia ya tatu. Wenzake walimpinga katika jarida hilohilo. Gill Shepherd, aliyefanya utafiti Mombasa, aliona kwamba jinsia ya kuzaliwa na cheo cha mtu vilikuwa na uzito mkubwa kuliko yeye alivyodai. Mjadala huo unatuonya tusimchukue mtu wa Sohar wa 1975 na kumpa jina la leo. Hata hivyo mbinu yake tunaweza kuitambua. Palipo na marufuku ya kuvuka, watu huchagua rangi, kiuno na urefu wa nywele, yaani vitu ambavyo marufuku haikuvitaja.

Wembe, sukari na umeme

Kuhusu nywele za mwili, Waswahili wana desturi ndefu. Katika mafundisho ya Kiislamu, kuondoa nywele za kwapa na za sehemu za siri ni sunna kwa wanaume na wanawake, na isizidi siku 40. Kwa hiyo kijana wa Buyenzi anayenyoa kwapa hajavuka mpaka wowote. Mpaka uko kwingine: miguuni, usoni na kwenye nyusi. Bibi harusi wa pwani hutolewa nywele za mwili kwa sukari iliyochemshwa na ndimu hadi ikavutika, chini ya uangalizi wa somo au kungwi. Nyusi hutindwa, na lugha yetu imelipa tendo hilo kitenzi chake.

Kwa anayeanza mpito kuelekea uke, ndevu ndizo ngumu. Homoni za kike zinaweza kupunguza nywele za mwili, lakini ndevu zilizokwisha kuota haziondoki kwa homoni. Wembe hukata tu, na kwa wenye nywele za kujikunja kama zetu, ncha iliyokatwa hurudi ndani ya ngozi na kuleta vipele na makovu. Mwaka 1875 daktari wa macho Charles Michel wa St. Louis, Marekani, alitumia sindano ya umeme kuua mizizi ya kope zilizoota vibaya. Mpaka leo njia hiyo inaondoa unywele moja kwa moja, mmoja baada ya mwingine. Katika miaka ya 1920 saluni za Marekani zilitumia mashine za eksirei kuondoa nywele za usoni, na wanawake wengi wakapata vidonda na saratani. Leza ilifuata katika miaka ya 1990. Leza hutafuta rangi nyeusi ya unywele, na ngozi nyeusi isipopewa leza ya mawimbi marefu inayoifaa inaweza kuungua. Teknolojia hii ilianza kwa kuwafikiria watu weupe wenye nywele nyeusi. Sisi tulikuja kufikiriwa baadaye.

Chagua

Ngagara ilijengwa na Wabelgiji katika miaka ya 1950, nyumba zikapangwa kwa mistari. Ni mtaa ambao jirani anajua saa uliyorudi na mfuko uliobeba. Soko kuu la Bujumbura lilipoteketea Januari 2013, biashara nyingi zilihamia huku kwetu, upande wa Cotebu, na nguo za mitumba zikaja nazo. Burundi mitumba huitwa "chagua", kwa sababu ndivyo wauzaji wanavyoita wateja. Mtu anainama juu ya rundo na kuchambua, na katika rundo hilo blauzi imelala juu ya shati la kiume. Hakuna chumba cha kujaribia. Unaipima nguo juu ya nguo uliyovaa, na anayekutazama hajui unamnunulia nani.

Rafiki yangu, ambaye aliandikwa mvulana, alinieleza mwaka wake wa kwanza kwa mpangilio ambao mwanahistoria angeupenda. Alianza na nywele za miguu, kwa sababu suruali inazificha. Zikafuata ndevu, alizozing'oa kwa kibano usiku, kwa sababu wembe ulimwachia kivuli na vipele. Nyusi aliziacha za mwisho kabisa, kwa kuwa nyusi zilizotindwa ndizo jambo la kwanza jirani analiona. Katika nguo alianza na jinzi za kike na fulana zisizo na upande, kisha blauzi ambazo vifungo vyake viko upande wa kushoto. Vifungo hivyo hakuna aliyewahi kuviona isipokuwa yeye mwenyewe kila asubuhi. Nyumbani alijifunga kitenge baada ya kuoga, jambo ambalo halimshangazi mtu.

Nywele za kichwa zilimpa nafasi isiyotarajiwa. Katika shule tulizosoma, wasichana na wavulana wote walikatwa nywele karibu na ngozi, na kilichowatofautisha ilikuwa sketi. Msichana akimaliza sekondari, huachia nywele na kusuka. Rafiki yangu alimaliza, akaachia nywele kama wasichana wa darasa lake. Kwa kuwa wasanii wa kiume nao husuka, kwa miezi mingi hakuulizwa kitu.

Siku moja sokoni muuzaji alimwita, "Dada, chagua, bei ni moja." Hakuna hati yoyote iliyobadilika siku hiyo, lakini neno "dada" lilikuwa limetamkwa na mtu asiyekuwa na sababu ya kumfurahisha.

Kuvuliwa

Mpangilio ule wote, wa kuanza na kisichoonekana, una sababu yake. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua vilipigwa marufuku. Kabla hata tarehe hiyo haijafika, makundi ya vijana Dar es Salaam yaliwashambulia wasichana na kuwachania nguo. Hoja ilikuwa utamaduni wa taifa, lakini mwili uliolipa ulikuwa wa msichana aliyeshuka basi Kariakoo.

Kwa watu wa mpito, desturi hiyo ya kuvua imeendelea kwa sura nyingine. Mwaka 2005 nyumba ya Victor Mukasa, mtetezi wa haki wa Uganda, ilivamiwa, na mgeni wake akavuliwa nguo kituoni ili ithibitishwe kuwa ni mwanamke. Desemba 2008 Mahakama Kuu ya Uganda ilitamka kwamba haki zao zilikiukwa. Nchini Kenya, polisi wa Thika walimvua nguo mshukiwa mmoja mbele ya waandishi wa habari, na mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamuru alipwe fidia ya shilingi 200,000. Mwaka 2014 mahakama hiyohiyo iliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua cheti chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia.

Burundi hatuna hukumu kama hizo. Sheria ya jinai ya Aprili 2009 iliharamisha kwa mara ya kwanza mahusiano ya watu wa jinsia moja, adhabu yake ikiwa kifungo cha miezi mitatu hadi miaka miwili. Seneti ilikuwa imekikataa kifungu hicho. Machi mwaka huo maelfu waliandamana Bujumbura kukitetea, na Bunge likakirudisha. Sheria haisemi neno kuhusu blauzi, nyusi wala ndevu. Lakini mtaani, nguo huchukuliwa kuwa ushahidi wa kosa ambalo hakuna aliyelishuhudia.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba anayeanza mpito Ngagara anatumia alfabeti ya zamani: kanga iliyochukua nafasi ya kaniki, kanzu iliyobanwa kiunoni, sukari na ndimu, nywele zinazoachiwa shule inapokwisha. Maana anayoandika kwa alfabeti hiyo ni yake, na historia haina haja ya kumtafutia babu wa kufanana naye ili imheshimu.

Linabaki tatizo la vyanzo. Kumbukumbu tulizo nazo zinawajua watu wa mpito siku walipovuliwa: jalada la polisi, hukumu, picha ya gazeti. Siku walipojivika hazijaandikwa popote, kwa sababu mwanzo wa mpito hupangwa makusudi usiache alama. Mwanahistoria atakayetegemea nyaraka peke yake ataandika historia ya aibu tu. Tunahitaji masimulizi ya mdomo, yakusanywe kwa ridhaa na kwa siri, wakati wasimulizi bado wako hai na wako tayari kusema. Kiswahili kinafaa kwa kazi hiyo. Nimemsimulia rafiki yangu katika kurasa hizi bila sarufi kunilazimisha, hata mara moja, kuamua kwa niaba yake.