Lubumbashi: Kuuzisha nyumba kunachukua muda gani?

Kwenye kuta nyingi za Lubumbashi kuna maandishi ya rangi: "Nyumba hii haiuzishwe". Mgeni anaweza kufikiri kwamba mwenye nyumba amechoka na wateja wanaomsumbua. Wakaaji wa mji wanajua maana yake: ndani ya ile parseli kuna mtu anayetaka kuuzisha na mwingine asiyetaka, ao familia inaogopa mmoja wao atauzisha kwa siri. Ukuta huo unajibu nusu ya swali. Muda wa kuuzisha nyumba hautoki sana kwa mteja. Unatoka kwa hesabu ya watu wenye haki ya kusema hapana, na kwa mikanda iliyo ndani ya kabati.

Kutafuta mteja ni kazi ya komisyonere, yule kijana wa pembeni ya barabara mwenye simu mbili na picha za nyumba kwenye WhatsApp. Asilimia yake inapatanwa mbele, na heri iandikwe. Shida inaanza nyumba moja ikipewa makomisyonere watano: kila mmoja anaongeza kidogo juu ya bei, na mnunuzi anasikia bei tatu za nyumba ileile. Nyumba iliyozungushwa hivyo miezi mingi "inachoka". Watu wanaanza kuuliza ina ubaya gani. Mvua nayo inasema ukweli. Avenyu iliyoonekana nzuri mwezi wa saba inaweza kuwa mto mwezi wa kwanza, na mnunuzi mwenye akili anangoja aone.

Bei inasemwa kwa dola na mara nyingi inalipwa mkononi, kwani mkopo wa benki wa kununua nyumba ni wa watu wachache sana. Ndiyo maana wengi wanalipa nusu leo na nusu kesho. Hiyo kesho inaweza kugeuka mwaka. Kama barua ya mapatano haisemi tarehe ya mwisho na kitakachofanyika makuta yasipofika, mwenye nyumba anabaki katikati: hajauzisha, na hawezi tena kuuzishia mwingine. Akijaribu kupokea makuta ya mtu wa pili, anaweza kujikuta mbele ya tribinali.

Halafu kunakuja mikanda. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Raia Mukongomani anapewa haki ya kuutumia, na nyumba iliyojengwa juu yake inaweza kuwa yake. Haki hiyo inaonyeshwa na sertifika ya uandikishaji inayotolewa na konservatere wa hati za ardhi. Inaandikwa mara mbili: moja inabaki ndani ya kitabu cha konservatere, nyingine inapewa mwenyewe. Muhuri wa shefu wa kartie hauhamishi nyumba, hata kama mashahidi ni kumi. Mauzo yanapita kwa notere, kisha kwa konservatere, ambaye anafuta sertifika ya zamani na kutoa nyingine kwa jina la mnunuzi. Mbele ya hapo mafundi wa kadastere wanaweza kuja kupima na kuangalia mipaka.

Kama sertifika iko kwa jina la anayeuzisha, mipaka haikusogea na bei ni ya haki, yote yanaweza kwisha kwa majuma ao miezi michache. Lakini katika komini za zamani kama Kenya na Katuba, kuna familia zinazoshika mpaka leo kitabu cha zamani cha mwenye nyumba ao fishi ya parseli tu. Hapo kuna njia mbili: kutafuta sertifika kwanza, jambo linaloomba miezi na makuta, ao kuuzisha hivyohivyo kwa bei ya chini. Nyumba za zamani za makampuni kama Gécamines na SNCC zina swali lao la pekee: je, baba aliuzishiwa nyumba, ao alipewa tu kuikaa wakati wa kazi? Karatasi hizo mbili zinafanana sana machoni pa mtoto anayezifungua siku ya matanga.

Familia ndiyo inayokula muda kuliko ofisi zote. Kodi ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inaomba mapatano ya bibi na bwana ili parseli ihamishwe, hata kama jina lililoandikwa ni la mmoja tu. Bwana akisaini peke yake, bibi anaweza kwenda tribinali. Na mwenye nyumba akifariki, hesabu ya sahihi inapanda. Tuchukue mfano wa nyumba ya Katuba yenye watoto sita: wawili mjini, mmoja Kolwezi, mmoja Kinshasa, mmoja Afrika ya Kusini, na mmoja aliyezaliwa inje ya ndoa lakini baba alimtambua. Huyo wa mwisho ana haki sawa na wengine. Yule wa Afrika ya Kusini anapaswa kutuma barua ya mamlaka iliyopita kwa ubalozi. Mama mjane ana haki ya kutumia nyumba, na hawezi kuwekwa barabarani juu watoto wamepata mteja.

Mara nyingi mtoto mkubwa ndiye anakuwa likidatere. Kazi yake ni kukusanya mali na kugawanya, nyumba si yake peke yake. Wengi wanasahau jambo hilo, na wengine wanajifanya kusahau.

Kama kuna wapangaji, nao wana sheria yao, ya tarehe 31 Desemba 2015. Garanti ya nyumba ya kukaa haipaswi kupita miezi 3, na wanapaswa kupewa notisi. Ni vema kupatana mapema nani atawarudishia garanti, anayeuzisha ao mnunuzi.

Kuna mauzo ya haraka kuliko yote. Mtu ana mgonjwa hospitali, anakwenda kwa mkopeshaji, yule watu wanaita Banki Lambert, na anaacha sertifika kama rehani. Karatasi anayosaini imeandikwa kwa Kifaransa, na ndani yake kuna neno la mauzo. Anafikiri amekopa, kumbe ameuzisha. Inachukua asubuhi moja. Asiyesoma Kifaransa atafute mtu wake wa kumsomea mbele ya kusaini, si mtu wa mkopeshaji.

Muda unaweza pia kumgeukia anayengoja. Sertifika mpya ikipita miaka 2, kuiangusha kunakuwa vigumu sana, na mara nyingi aliyenyang'anywa anabaki tu na njia ya kudai fidia. Watoto wanaosema "tutaona kiangazi kinachokuja" wanapaswa kujua hilo.

Na rangi ya ukutani? Inamwonya mnunuzi, lakini konservatere haioni. Kinachozuia nyumba kuhama ni pingamizi iliyoandikwa ndani ya kitabu chake kwa amri ya tribinali. Hata mnunuzi anaweza kwenda huko na namba ya sertifika, mbele ya kutoa dola ya kwanza, na kuomba kujua jina gani limeandikwa.