Nishani Iliyokataliwa: Utumishi wa Mahjub bin Adam Mohamed na Mipaka ya Ushahidi wa Kijeshi, 1914–1944

Tarehe 25 Novemba 1918, kikosi cha mwisho cha Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck kilisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia. Mwanzoni mwa mwezi huo kilikuwa kimepigana Fife, si mbali na Tunduma ya sasa. Humo walikuwamo askari Waafrika zaidi ya 1,000, ambao mishahara yao ya miezi mingi ilikuwa haijalipwa. Kwa mtafiti wa ukanda wa Songwe, swali la msingi ni hili: utumishi wao uthibitishwe kwa ushahidi gani? Aghalabu nishani huchukuliwa kuwa ushahidi huo. Sehemu hii inatetea hoja kwamba nishani huthibitisha kwanza uamuzi wa aliyeitoa, ndipo utumishi wa aliyeivaa.

Hoja hiyo inadhihirishwa na maisha ya Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari mwenye asili ya Sudani. Aliingia katika jeshi la Wajerumani vita vilipoanza, akiwa na umri wa miaka 10, na alijeruhiwa Mahiwa Oktoba 1917. Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai malimbikizo ya mishahara yake na ya baba yake, dai likakataliwa. Alibaki huko akihudumia wateja mezani, akiigiza katika filamu na kusaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1934 Ujerumani ilipoanzisha Msalaba wa Heshima kwa wapiganaji wa vita vya 1914–1918, aliuomba, akanyimwa. Mwaka 1939 alijitolea kurudi jeshini, akakataliwa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano wake na mwanamke Mjerumani, akafungwa katika kambi ya Sachsenhausen, alikofariki tarehe 24 Novemba 1944.

Mfululizo huu unabainisha mambo mawili. Kwanza, kunyimwa haki hakukuanza na utawala wa Wanazi, kwa kuwa dai la mishahara lilikataliwa kabla Hitler hajashika madaraka. Pili, maombi yaliyokataliwa yameacha kumbukumbu ya utumishi wake ambayo nishani peke yake isingeweza kuibeba.

Kwa hiyo, kukosekana kwa nishani katika familia za Galula na Tunduma kusihesabiwe kuwa kukosekana kwa utumishi. Mtafiti anapaswa kuchunguza pia madai yaliyoandikwa, masimulizi ya wazee, na deni ambalo halikulipwa.