Misheni ya Marafiki Pemba
Misheni ya Marafiki Pemba ilikuwa kituo cha Wakristo wa Jumuiya ya Marafiki (Waquaker) kutoka Uingereza. Kilianzishwa mwaka 1897 huko Banani, kisiwani Pemba, chini ya uongozi wa Theodore Burtt.

Madhehebu haya yalianza Uingereza katika karne ya 17 kwa mahubiri ya George Fox. Yanafundisha kwamba Mungu husema moyoni mwa kila mtu, na kwamba kumtii yeye hutangulia kumtii mtawala, kama mtume Petro alivyolijibu baraza la Wayahudi (Matendo ya Mitume 5:29). Kwa sababu hiyo, katika karne ya 18 Marafiki waliwakataza waumini wao kumiliki watumwa, ingawa sheria iliruhusu.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alifuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Hata hivyo mtumwa alipaswa kuomba uhuru wake mwenyewe, na masuria hawakuhusishwa hadi mwaka 1909. Aliyepata uhuru mara nyingi hakuwa na ardhi, kwa kuwa mashamba ya mikarafuu yalikuwa mali ya mabwana. Hivyo Marafiki walinunua shamba la mikarafuu Banani, wakawaajiri watu hao kwa ujira.

Wapemba walio wengi ni Waislamu, na misheni ilibaki ndogo. Kwa upande wa Kenya, kituo cha Kaimosi kilichoanzishwa na Marafiki wa Marekani mwaka 1902 kilizaa kanisa kubwa.