Mhasibu Akitaka Kuwa Muuguzi: Hoja Kutoka Nakawa

Divisheni ya Nakawa, jijini Kampala, ina shule kubwa ya biashara na hospitali mbili za serikali zenye jina, ila njia ya kutoka madarasa ya shule hiyo hadi wodi za hospitali hizo ni ndefu kuliko inavyostahili. Shule hiyo, Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Makerere (MUBS), ilianzishwa 1997 kwa kuunganisha Chuo cha Taifa cha Biashara cha Nakawa na Kitivo cha Biashara cha Makerere, na leo inatoa wahasibu na wataalamu wa masoko kila mwaka. Mlimani Naguru ipo Hospitali ya Urafiki wa China na Uganda, iliyofunguliwa 2012 ikiwa na vitanda 100. Upande wa ziwani ipo Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili tangu 1955. Mhitimu wa biashara anayetaka kuhamia uuguzi hukuta shahada yake ina uzito mdogo. Swali la kwanza ni Biolojia na Kemia za Senior Six, mtihani alioufanya akiwa kijana asiyejua bado anataka nini.

Wapo watakaosema watu wa namna hii wanafuata mshahara tu. Serikali ilipoamua 2022 kuwapandishia mishahara watumishi wa sayansi, walimu wa sanaa waligoma mwezi Juni. Anayefuata mshahara na aufuate. Hakuna anayemuuliza daktari kwa nini alichagua udaktari.

Kwingineko mlango wa kuwapokea uuguzini wahitimu wa fani nyingine ni wa zamani. Chuo Kikuu cha Saint Louis, Marekani, kilianza 1971 programu ya haraka kwa wenye shahada nyingine, na Yale ikafuata 1974 kwa kuwafikisha watu wasio wauguzi hadi uzamili kwa miaka mitatu. Uingereza inadai saa 4,600 za mafunzo, nusu yake kazini, lakini masomo na uzoefu wa awali vinaweza kuhesabiwa hadi nusu ya programu.

Hapa ndipo Kampala isiige kila kitu. Kilichokwisha kusomwa kihesabiwe: takwimu, mbinu za utafiti, uongozi, uandishi wa ripoti. Saa za wodini zisiguswe.

Chukua patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu wa uzazi. Mapigo ya moyo wa mtoto huandikwa kila nusu saa, kufunguka kwa mlango wa kizazi kila saa nne, na mstari ukivuka ule wa tahadhari, hatua ichukuliwe. Mhasibu ataielewa siku hiyohiyo, maana ni grafu. Lakini kuinamia tumbo na fetoskopu ya mbao, wodi ikiwa na kelele, na kutofautisha moyo wa mtoto na mshipa wa mama, hilo shahada ya biashara haifundishi. Linakuja kwa kurudiarudia, chini ya jicho la mkunga aliyezoea.

Pingamizi zito liko kwingine: Uganda ina wauguzi waliofuzu wasio na ajira, na Makerere inatoa shahada ya uuguzi tangu 1993. Kwa nini kuongeza wengine? Jibu ni kwamba njia hii isiwe pana, ielekezwe palipo na pengo. Afya ya akili ni mfano mzuri, kwani wenye shahada za saikolojia na ustawi wa jamii wanaingia Butabika wakiwa na nusu ya lugha ya kazi mdomoni. Nchi hii imewahi pia kuamini ujuzi uliothibitishwa: mwaka 2004 sheria iliruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa kuandika mofini, jambo ambalo nchi nyingi tajiri zaidi ziliendelea kuwaachia madaktari peke yao.

Baraza la Wauguzi na Wakunga likikubali njia hii, kikwazo cha kwanza hakitakuwa mtaala, kitakuwa wasimamizi. Wodi za Naguru tayari zina wanafunzi, na muuguzi mmoja wa zamu ya usiku hawezi kuhudumia wagonjwa na papo hapo kufundisha kundi zima. Kwa hiyo kundi la kwanza liwe dogo, na katika ada kuwe na fungu la kumlipa anayesaini daftari la mazoezi la mwanafunzi.